Carmen Lomas Garza na michoro ya kumbukumbu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Kiswahili waliokutana na picha za mchoraji huyu vitabuni au mtandaoni, wakavutiwa na rangi zake, kisha wakataka kujua wanachokitazama ni nini hasa.

Carmen Lomas Garza ni nani?

Ni mchoraji wa Marekani mwenye asili ya Meksiko, aliyezaliwa mwaka 1948 katika mji mdogo wa Kingsville, kusini mwa jimbo la Texas. Anafahamika kwa picha ndogo zenye rangi nyingi zinazoonyesha maisha ya familia na majirani zake enzi za utoto wake: watu wakitengeneza tamale jikoni, watoto wakipiga piñata (chombo cha karatasi kilichojazwa peremende), familia ikila tikiti maji barazani usiku, mganga wa mitishamba akimfukiza mgonjwa. Mwenyewe huziita picha hizo monitos, neno la Kihispania ambalo mtu angeweza kulifasiri kuwa vikatuni au vijitu, na katika jina hilo mna utani kidogo na unyenyekevu kidogo. Leo hii ni mtu wa umri mkubwa. Hata hivyo ukurasa huu unamtazama zaidi katika ujana wake, kwa kuwa uamuzi uliozaa karibu kazi yake yote, yaani kuzichora kumbukumbu zake moja baada ya nyingine kuanzia zile za mwanzo kabisa, aliufikia akiwa bado kijana.

Kwa nini ana majina mawili ya ukoo?

Lomas ni ukoo wa upande wa mama na Garza ni wa baba. Katika jamii zinazozungumza Kihispania ni kawaida mtu kubeba koo zote mbili, ingawa kwa kawaida ukoo wa baba hutangulia; mpangilio wa jina lake unafuata zaidi desturi ya Marekani, ambako ukoo wa baba huwekwa mwisho.

Watu kama yeye huitwa Marekani watu wenye "asili ya Kihispania". Maana yake ni kwamba wametoka Hispania?

Hapana, na hapa Kiswahili chetu kinaweza kutupotosha, maana Mhispania kwetu ni raia wa Hispania. Nchini Marekani serikali hulitumia neno lenye mzizi huo kwa mtu yeyote ambaye ukoo wake unatokana na nchi zinazozungumza Kihispania, awe wa Meksiko, Kuba, Puerto Rico, Jamhuri ya Dominika au kwingineko, na awe mweusi, mweupe, mwenye asili ya wenyeji wa kale wa Amerika au mchanganyiko wa hao wote. Sensa ya mwaka 1970 iliuliza swali hilo kwa sehemu tu ya wananchi, ile ya mwaka 1980 ikaliuliza kwa kila kaya, na kufikia sensa ya mwaka 2020 waliohesabiwa chini ya jina hilo walikuwa milioni 62.1, sawa na asilimia 18.7 ya watu wote.

Ni jina la fomu za ofisini, na hakuna mtoto anayelelewa akiitwa hivyo jikoni kwa bibi yake. Kijana wa kusini mwa Texas katika miaka ya 1960 angejiita Mmeksiko, au Tejano kwa maana ya Mtexas wa lugha ya Kihispania, na kama alikuwa ameguswa na harakati za wakati ule za kudai haki za watu wenye asili ya Meksiko angejiita Chicano. Neno hili la mwisho lilikuwa la dharau hapo zamani. Vijana wakaliokota, wakalifuta vumbi, wakalivaa kwa makusudi. Lomas Garza ni wa kizazi hicho, na anayetaka kuzielewa picha zake atasaidiwa zaidi na neno Chicano kuliko na neno la sensa.

Texas iko Marekani. Kihispania kilifikaje huko?

Kihispania ndicho kilichotangulia kufika kabla ya Kiingereza. Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi mwaka 1836, ilipojitenga, kisha ikaingizwa Marekani mwaka 1845. Hata baada ya hapo ukanda ulio kati ya mto Nueces na mto Rio Grande, ambamo ndimo Kingsville ilipo leo, ulibaki ukigombaniwa, na mgogoro huo ukawa cheche ya vita vya mwaka 1846 kati ya Marekani na Meksiko. Vita vilimalizwa na Mkataba wa Guadalupe Hidalgo uliotiwa saini tarehe 2 Februari 1848, na watu wengi waliokuwa wamelala Meksiko wakaamka Marekani bila kuhama nyumba. Ndiyo maana watu wa asili hiyo wana msemo wao mashuhuri: hatukuvuka mpaka, mpaka ndio uliotuvuka sisi.

Mchoraji wetu alizaliwa miaka 100 baada ya mkataba huo. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1904 reli ilipofika, kando ya King Ranch, shamba kubwa mno la mifugo lililoanza mwaka 1853 na ambalo wachunga ng'ombe wake wengi walikuwa watu wenye asili ya Meksiko. Ni vyema msomaji akaiweka picha hii akilini kabla ya kuendelea: nchi tambarare yenye joto kali, karibu na Ghuba ya Meksiko, ambamo ardhi na madaraka vimo mikononi mwa wanaosema Kiingereza, na vyakula, dawa, sala na michezo ya watoto wa majirani zake ni vya Kihispania.

Alianza kuchora lini?

Ameeleza kwamba akiwa na umri wa miaka 8 alimwona mama yake akichora vibao vya lotería, akaona kama mama anafanya mazingaombwe. Lotería ni mchezo unaofanana na bingo: kila mchezaji ana kibao chenye picha badala ya namba, kama vile jogoo, mwezi, nge au kifo, na msimamizi huchomoa karata moja moja akiitaja. Vibao vya dukani vilikuwepo, lakini mama huyu alichora vya kwake kwa rangi za maji. Kwa hiyo mchoraji wa kwanza ambaye Carmen alimfahamu alikuwa mwanamke aliyeketi nyumbani akichora vitu vya kuchezea familia. Alipofikisha miaka 13 alikuwa ameshaamua kwamba atakuwa msanii.

Mwandishi wa ukurasa huu huona kwamba kibao cha lotería kinaeleza mengi kuhusu picha za baadaye kuliko somo lolote la chuoni. Kila kitu ndani ya kibao kina mraba wake, kinaonekana chote, kina jina lake, na hakuna kinachofichwa na kivuli cha kingine. Mwaka 1972 alitengeneza picha ya kuchapishwa iitwayo Lotería – Tabla Llena, jina lenye maana ya kibao kilichojaa, ambamo watu wamekusanyika kucheza mchezo huohuo.

Shule ilimfanya nini?

Swali hili huulizwa kwa namna nyingi, na jibu lake ndilo kiini cha mambo yote. Sheria ya Texas ya mwaka 1918 ilitaka shule za umma zifundishe kwa Kiingereza tu, na iliendelea kuwepo hadi mwaka 1969. Watoto waliokutwa wakizungumza Kihispania uwanjani waliadhibiwa, wengine kwa viboko, wengine kwa kudhalilishwa mbele ya wenzao. Lomas Garza amesema wazi kwamba yeye na wenzake waliadhibiwa mwilini na rohoni kwa sababu ya lugha na mila zao, na kwamba alipomaliza sekondari alikuwa amechanganyikiwa, mwenye huzuni, mkimya na aliyejaa hasira.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kuvishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya mama hahitaji kuelezwa zaidi.

Harakati za Chicano za mwishoni mwa miaka ya 1960 zilimkuta katika hali hiyo, akisoma sanaa katika chuo kikuu cha mji wake, ambako alimaliza shahada ya kwanza mwaka 1972. Wenzake wengi walichora mabango, ngumi zilizoinuliwa na tai mweusi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba. Yeye alichagua njia nyingine. Aliona kwamba kilichotukanwa shuleni kilikuwa mambo madogo, yaani chakula cha mchana, namna ya kutibu sikio, wimbo wa siku ya kuzaliwa, na kwa hiyo hayohayo madogo ndiyo yaliyostahili kurudishiwa heshima, tukio kwa tukio. Amefananisha kazi yake na mshubiri: jani likivunjwa, utomvu wake wa baridi hupakwa juu ya jeraha au mahali palipoungua, nayo maumivu yakapoa. Ulinganisho huo umetoka moja kwa moja katika tiba za nyumbani kwao, na ni wa mtu anayejua jani lenyewe kwa mkono.

Picha zake zinafanana na za mtoto. Je, hakufundishwa kuchora?

Alifundishwa sana. Mbali na shahada ya mwaka 1972, alipata shahada ya uzamili ya ualimu mwaka 1973 na nyingine ya sanaa kutoka Chuo Kikuu cha Jimbo la San Francisco mwaka 1981. Anamudu uchapaji wa bamba la metali linalochimbwa kwa asidi, uchapaji wa mawe, rangi za mafuta, akriliki, ukataji wa karatasi na wa metali. Mtu mwenye mafunzo hayo hashindwi kuchora kivuli, ameamua kukiacha.

Sababu yake inaonekana ukitazama polepole. Katika picha inayofuata kanuni za kuonyesha umbali, walio mbele huwa wakubwa na wenye maelezo mengi, na walio nyuma hufifia. Katika picha ya Lomas Garza shangazi aliye kwenye kona ya mbali ya jikoni ana vifungo vya gauni vinavyohesabika sawasawa na vya aliye mbele. Kila mtu amepewa haki sawa ya kuonekana. Wanahistoria wa sanaa waliomweka katika fungu la wachoraji wasiosoma walidanganywa na uchaguzi huo, na kosa hilo bado linarudiwa.

Je, rangi zilikuwepo tangu mwanzo?

Hili huwashangaza wengi: hapana. Kazi zake nyingi za mapema, za miaka ya 1970, ni chapa za wino, mistari meusi juu ya karatasi nyeupe. Picha ya mganga wa kike, La Curandera, ilianza hivyo kabla ya kurudiwa kwa rangi baadaye. Katika miaka ya 1980 ndipo tunapoona gwashi kwa wingi, yaani rangi ya maji iliyo nzito na isiyopitisha mwanga, na baada yake rangi za mafuta na akriliki. Kwanza alihakikisha kwamba tukio limeshikwa: nani aliketi wapi, mlango ulifunguka upande gani, meza ilikuwa na miguu mingapi. Rangi iliingia katika nyumba ambayo tayari ilikuwa imejengwa.

Kwa nini basi rangi zenyewe ni kali hivyo? Ni "rangi za Kimeksiko"?

Msemo huo wa "rangi za Kimeksiko" umechakazwa na mabango ya mikahawa, na ni afadhali tuutumie kwa tahadhari. Ni kweli kwamba Meksiko ina historia ndefu ya rangi. Wamaya walitengeneza buluu isiyochujuka kwa kuunganisha nili na udongo maalumu wa mfinyanzi, na hadi leo inaonekana kwenye kuta za mahekalu yao. Rangi nyekundu iliyovikwa wafalme na makadinali wa Ulaya ilitokana na kidudu kidogo kinachoishi juu ya mpungate. Katika enzi ya ukoloni wa Hispania ilikuwa bidhaa ya pili kwa thamani kati ya zilizosafirishwa kutoka huko, baada ya fedha, na ratili moja ilihitaji vidudu wapatao 70,000. Mpungate huohuo umo katika picha za Lomas Garza, ingawa kwake unachumwa kwa ajili ya kupikwa: majani machanga huondolewa miiba, yakakatwakatwa na kuliwa pamoja na mayai.

Lakini rangi zake hazitoki katika mahekalu. Zimetoka katika vitambaa vya meza, magauni ya chapa, kuta za jikoni na karatasi za sherehe za familia ya kipato cha kawaida ya miaka ya 1950. Gauni ni la kijani kwa sababu shangazi alivaa la kijani. Ukali wa rangi unafanya kazi ya ushahidi: mtu aliyefundishwa kuwa mambo ya nyumbani kwao ni ya kuonea haya anayaweka mezani yakiwa na mwanga kamili, bila kuyafifisha ili yapendeze macho ya mgeni.

Tunaweza kuelekezwa katika picha moja kwa undani?

Tuchukue Tamalada, aliyoichora mwishoni mwa miaka ya 1980. Tamale ni chakula cha unga wa mahindi uliokandwa kwa mafuta, ukajazwa nyama, ukafungwa ndani ya ganda kavu la hindi na kupikwa kwa mvuke. Ni kazi ya siku nzima, kwa hiyo hufanywa na watu wengi kwa pamoja, mara nyingi karibu na Krismasi, na siku hiyo huitwa tamalada.

Jiko ni la wazazi wake. Babu amevaa ovaroli ya buluu na shati la buluu. Carmen mdogo yuko kando yake pamoja na dada yake, wote wakisaidia kuloweka maganda makavu ili yalainike. Mama anapaka unga juu ya maganda. Shangazi na mjomba wanaweka nyama juu ya unga. Bibi anazipanga tamale zilizokwisha kukunjwa, tayari kwa sufuria. Ukifuata mikono badala ya nyuso, utagundua kwamba umesoma maelekezo kamili ya upishi, kuanzia ganda kavu mpaka sufuria, bila neno hata moja. Ukutani kumetundikwa picha ya Karamu ya Mwisho, na chini yake mezani, karamu nyingine inaandaliwa.

Mchoraji ameongeza jambo ambalo wasomaji wetu hulipenda: katika baadhi ya familia tamale hutengenezwa na wanawake peke yao, lakini kwao kila mtu alisaidia. Babu mwenye ovaroli amewekwa pale kwa makusudi.

Na ile ya wasichana juu ya paa?

Inaitwa Camas para Sueños, yaani Vitanda vya Ndoto, ya mwaka 1985, na pengine ndiyo picha yake inayojulikana zaidi. Ni gwashi juu ya karatasi, ndogo kuliko watu wengi wanavyodhani, takribani sentimita 58 kwa 44. Wasichana wawili, Carmen na dada yake, wako juu ya paa la nyumba usiku chini ya mwezi. Chini yao, kupitia dirisha lenye mwanga, tunamwona mama akitandika kitanda.

Walikuwa wakipanda paani usiku wa kiangazi kuzungumza juu ya nyota na mambo ya baadaye, na huko ndiko yule wa miaka 13 alikotamka kwamba atakuwa msanii. Mchoraji anaeleza kwamba mama aliwatandikia vitanda vya kulalia na kuota ndoto za kawaida, na wakati huohuo aliwatandikia kitanda cha ndoto za maisha yatakayokuja. Jina la picha linabeba maana zote mbili. Angalia pia kwamba mama haangalii juu. Anajua walipo watoto wake, au hajui. Picha haisemi, naye anaendelea kunyoosha shuka.

Picha hizi ni tamu mno. Je, hazifichi ubaya wa maisha?

Pingamizi hili ni halali na limetolewa na watu makini. Mtu anaweza kuzipitia picha zake nyingi asikutane hata mara moja na mwalimu mwenye fimbo wala bango la kuwakataza Wameksiko kuingia mgahawani. Hata hivyo si kweli kwamba kila kitu ni asali. Katika Para la Cena, jina lenye maana ya "kwa ajili ya chakula cha jioni", bibi amemnyonga kuku, na watoto wamesimama wakiwa wamepigwa na bumbuwazi; walijua kwamba nyumbani kuna kuku, na walijua kwamba kuna supu, lakini hawakuwahi kuona njia inayounganisha hivyo viwili. Katika picha ya mganga, mwanamke amelala kitandani akiugua homa kali ya mafua, anafukizwa ubani wa copal na kufagiwa mwilini kwa matawi ya mmea, kwa sababu hayo ndiyo matibabu yaliyoaminiwa na kufikiwa. Nyingine inaonyesha tiba ya sikio kwa koni ya karatasi inayowashwa moto upande wa nje.

Na iko Sandía ya mwaka 1986, ambayo nimerudi kuitazama mara nyingi. Familia iko barazani usiku wa joto, baba amekata tikiti lililopoozwa kwenye jokofu, kila mtu ana kipande chake. Mchoraji amesema kuwa taa ya baraza ilikuwa kali kiasi kwamba usingeweza kuona chochote zaidi ya mwisho wa mwanga wake, na walijihisi kama wako katika dunia yao wenyewe ndogo. Mtu anayeuliza mbona ubaguzi haumo katika picha hizi na atazame ukingo wa mwanga huo. Giza limechorwa. Lipo pande zote, na watu waliomo ndani wameamua kula tikiti.

Kwa nini alihamia San Francisco?

Alifika huko mwaka 1976 na kufanya kazi katika Galería de la Raza, jumba la sanaa lililoanzishwa na wasanii wa Chicano mwaka 1970 katika mtaa wa Mission. Wakati ule majumba makubwa ya sanaa hayakuwa na nafasi kwa vijana wa aina yake, kwa hiyo vijana hao walijifunza wenyewe kutundika maonyesho, kuchapa mabango, kuandika maelezo ya ukutani na kufagia sakafu. Kadiri alivyokaa mbali na Kingsville ndivyo Kingsville ilivyozidi kujaa katika karatasi zake, jambo ambalo mhamiaji yeyote atalielewa.

Madhabahu na karatasi zilizokatwa vinahusianaje na uchoraji wake?

Siku ya Wafu, mwanzoni mwa Novemba, familia nyingi za Meksiko huandaa ofrenda, yaani meza au madhabahu yenye picha za marehemu, maua ya rangi ya machungwa, mishumaa na vyakula alivyovipenda. Wasanii wa Chicano waliichukua desturi hiyo wakaiingiza katika kumbi za sanaa. Mwaka 1978 Galería de la Raza iliandaa maonyesho ya kumuenzi Frida Kahlo, mchoraji wa Meksiko aliyefariki mwaka 1954, na Lomas Garza akamtengenezea ofrenda. Wakati huo Kahlo hakuwa bado ameanza kuuzwa kwenye vikombe na mifuko ya sokoni. Baadaye Lomas Garza alimtengenezea nyingine babu yake wa upande wa mama, yule wa ovaroli ya buluu.

Kupamba kwa karatasi zilizokatwa kwa matundu, papel picado, ni ufundi wa sherehe hizohizo. Yeye huzikata kwa kisu chembamba, na baadaye alihamisha ufundi huo kwenye metali: katika uwanja wa ndege wa kimataifa wa San Francisco kuna kazi yake kubwa ya shaba iliyokatwa, iitwayo Baile, inayoonyesha watu wakicheza dansi.

Je, ni msanii wa watoto?

Kitabu chake cha kwanza cha picha na maelezo ya Kihispania na Kiingereza kilitoka mwaka 1990, kingine kikafuata mwaka 1996, na shule nyingi za Marekani huvitumia. Hivyo watu wengi walimfahamu wakiwa darasani. Lakini picha zilizomo zilichorwa kwanza kwa ajili ya kuta za maonyesho. Kitabu cha lugha mbili kilicholetwa na mtu aliyeadhibiwa kwa mojawapo ya lugha hizo kina uzito ambao mtoto wa miaka 7 hahitaji kuujua ili akifurahie.

Kwa nini picha zake huonekana zaidi mwezi Septemba na Oktoba?

Kwa sababu Marekani huadhimisha urithi wa watu wenye asili ya Kihispania kuanzia tarehe 15 Septemba hadi 15 Oktoba. Ilianza kama wiki moja mwaka 1968 na kurefushwa kuwa mwezi mwaka 1988. Tarehe hiyo ya katikati ya mwezi ilichaguliwa kwa kuwa Costa Rica, El Salvador, Guatemala, Honduras na Nicaragua husherehekea uhuru wao tarehe 15 Septemba, na Meksiko siku inayofuata. Shule na maktaba hutafuta picha za kutundika, nazo za Lomas Garza hupatikana kwa urahisi. Wiki ya tatu ya Oktoba hushushwa.

Nimtazameje kwa mara ya kwanza?

Camas para Sueños imo katika hazina ya Jumba la Sanaa ya Marekani la Smithsonian mjini Washington, na picha yake iko kwenye tovuti ya jumba hilo. Skrini ya simu haiitendei haki, kwa hiyo ni vyema kuikuza sehemu kwa sehemu. Anza na mikono, kisha vitu vilivyo ukutani, kisha miguu ya watu na viatu walivyovaa, na nyuso uziache mwisho. Nilipomwonyesha binti mdogo wa jirani yangu picha ya tamale kwa mtindo huo, hakuuliza Meksiko iko wapi. Aliuliza yule babu ni babu wa nani.